Majani ya Kwato kwa Waziri

Tarehe 3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini karatasi hii inawakuta salama, wewe na shemeji na binti yenu, Mheshimiwa Waziri wetu. Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika kwa kuinamia meza, na nimekonda kidogo. Usianze kunitumia vyakula; suruali bado zinanishika.

Gunia la majani limefika. Mpokea mizigo alilinusa akaniuliza kama nafuga mbuzi. Nikamwambia nafuga sungura, akacheka akidhani namtania. Umeyakausha vizuri sana kivulini, hakuna hata jani moja lililoota ukungu. Mkubwa wetu wa maabara ameyashika, ameyageuza, akasema angependa kukuletea wanafunzi wake uwafundishe kukausha.

Sasa sikia habari. Unakumbuka mama alivyokuwa akitutuma ufukweni tuchume ule mmea unaotambaa juu ya mchanga, wenye maua ya zambarau na majani yaliyopasuka katikati kama kwato za mbuzi? Ukiumwa tumbo la kusokota unakunywa, ukiungua na yavuyavu baharini unapakwa. Majani ya kwato, dawa ya kila kitu isipokuwa uvivu wangu.

Nimeyaloweka hayo majani yako kwenye spiriti, nikachuja, nikakausha mpaka ikabaki lami ya kijani inayonuka kama chai iliyosahauliwa. Kisha nikachukua kipande kidogo cha utumbo wa sungura, nikakining'iniza ndani ya gilasi yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu. Dada, utumbo ni kitu cha ajabu. Sungura mwenyewe hayupo tena, lakini kile kipande kinaendelea kujikaza na kujilegeza, kujikaza na kujilegeza, kama mtu anayetafuna usingizini. Kimefungwa uzi, uzi umeshikana na kalamu, na kalamu inachora vilima kwenye karatasi. Nikaweka dawa ya kukikaza, vilima vikawa milima. Nikadondosha ile lami yetu. Kalamu ikashuka. Ikashuka tena, ikatulia, ikachora mstari mmoja ulionyooka. Nikakiosha kwa maji safi, na baada ya muda vilima vikarudi taratibu. Kumbe hakikufa, kilipumzika tu.

Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Mama hakuwa anabahatisha. Ndani ya majani yale mna kitu kinacholegeza misuli, na mimi nitakitafuta mpaka nikijue kwa jina.

Naomba gunia la pili, safari hii majani yachumwe kabla mmea haujatoa maua, tuone kama nguvu yake ni ileile. Msalimie shemeji. Mwambie Waziri mjomba wake anasubiri amri.

Ni mimi mdogo wako.


Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Hilo la kukonda nimelisikia na nitalishughulikia kwa wakati wangu, bila kukuomba ruhusa.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nikikubana unasema mtandao unakatika. Karatasi haina mtandao.

Barua yako niliisoma kwa sauti karakanani, shemeji yako akisikiliza na Waziri akiwa kwenye kiti chake dirishani, akiwatazama wateja wanaotupita kwenda kwa jirani na kuwatolea maneno. Nilipofika pale kalamu iliposhuka, nikarudia kusoma. Kisha nikaikunja barua nikaiweka kifuani.

Wewe unamwona Waziri mara moja kwa mwaka, na akiona wageni hujikaza asionekane dhaifu, kwa hiyo acha nikueleze. Ametimiza miaka kumi na mitano. Akili yake unaijua. Maneno yanatoka polepole, lakini yakitoka hayarudi mikono mitupu. Ni miguu. Inajipinda ikapishana kama mkasi. Asubuhi kumvalisha sketi ni kazi ya watu wawili: mimi navuta goti hili, baba yake goti lile, na yeye katikati anang'ata shuka asilie. Daktari aliyempima akiwa mchanga alisema ni mtindio wa ubongo, tumzoeshe mazoezi. Tumemzoesha. Tumemkanda kwa mafuta ya kila mbegu na ya kila mnyama aliyekubali kukamuliwa. Lakini tangu mwaka jana kukakamaa kumezidi. Kiti nilichomtengenezea kwa mikono yangu, chenye mgongo wa sponji ngumu na mikanda, sasa anakikaa kwa shida. Anachomoka kama springi kwenye kochi bovu. Na mimi ni fundi makochi, mdogo wangu. Springi za watu wote nazituliza, ya kwangu imenishinda.

Halafu wewe unaniandikia kwamba majani yaliyoko nyuma ya nyumba yangu yanalegeza misuli. Ulitegemea nifanye nini, nishangilie sungura?

Niandikie ni vijiko vingapi, mara ngapi kwa siku, kabla ya kula au baada. Usinipige chenga. Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga vifungo vya shati, na najua unavyotafuta pa kutokea ukiwa hutaki kujibu.

Gunia la pili liko kivulini. Litakuja baada ya jibu lako.

Dada yako.

Waziri anauliza: Mjomba, huyo sungura aliitwa nani?


Tarehe 9 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nawaombea uzima nyote.

Jibu langu ni hapana. Nimeliweka juu ili usihangaike kulitafuta.

Nisikilize vizuri. Ukiacha moyo, mwilini mna misuli ya aina mbili. Ile ya tumbo, ya mji wa mimba, ya mishipa ya damu, inajiendesha yenyewe. Ukila chakula utumbo haukuulizi, "Mama, nianze?" Ile ya mguu na mkono inangoja amri kutoka kwenye ubongo. Ni kama makochi yako: springi ni kochi na kitambaa ni kochi, lakini mtu akikuletea kitambaa kilichochanika huendi kuchukua koleo la kukunjia springi. Nilichokiona kwenye gilasi ni utumbo. Juzi, kwa sababu yako, nilijaribu dawa ileile kwenye msuli wa mguu wa chura. Haukujali hata kidogo.

Miguu ya Waziri yenyewe ni mizima. Kinachokosewa ni amri zinazotoka juu. Zinasema kaza, kaza, hata pale zinapotakiwa kusema legeza. Majani ya kwato hayafiki huko.

Tena yeye anakunywa dawa ya kifafa kila siku. Vikikutana tumboni sijui vitasalimianaje. Na ile lami yangu bado si dawa, Dada. Ni swali lililowekwa kwenye chupa. Kipimo sikijui, madhara yake siyajui. Mama alitupa sisi, tukiwa watoto tunaokimbia na kuruka, mara moja moja tulipokula maembe mabichi. Hakumpa mtoto mwenye dawa nyingine mwilini, kila siku, kwa miezi.

Najua hili si jibu ulilolitaka. Endeleeni na mazoezi, na mimi nitauliza watu wanaojua zaidi yangu.

Mwambie Waziri yule sungura alikuwa na namba tu. Nimeona aibu kumjibu hivyo, lakini sikutaka kumdanganya.

Mdogo wako.


Tarehe 28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hamjambo huko? Nauliza kweli, si kwa desturi.

Gunia la pili limefika, ila halina barua. Wewe hata ukituma sufuria unaweka barua ndani ya sufuria. Majani ni mazuri, machanga, yamekauka sawasawa. Lakini gunia ni dogo kuliko la kwanza, wakati mchumaji ni yuleyule na ufukwe ni uleule. Gunia halipungui lenyewe.

Nimepiga simu. Shemeji anasema una gundi mkononi. Nikapiga tena, una gundi mkononi. Ni gundi gani hiyo isiyokauka tangu mwezi uliopita?

Majani mengine umeyabakiza kwa kazi gani? Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako anayekusubiri.


Tarehe 16 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, tena wazima kuliko ulivyotuacha, na utaona kwa nini.

Shemeji yako hakukudanganya. Gundi nilikuwa nayo. Ila ndiyo, nilimwambia aseme hivyo kila ukipiga.

Sasa kaa chini. Nimempa.

Nilianza kunywa mimi mwenyewe wiki nzima, nikiyachemsha kama mama alivyokuwa akiyachemsha. Sikuanguka, sikutapika. Nililala vizuri na nikaenda haja ndogo mara nyingi, basi. Ndipo nikakaa mbele ya Waziri, nikamwambia, "Mjomba wako amekataa."

Akaniuliza, "Amekataa kwa sababu inaua, au kwa sababu haijui?"

"Kwa sababu haijui."

Akafikiri. Unajua anavyofikiri, macho yanakwenda juu kwenye bati yanarudi. Akasema, "Lete nusu kikombe."

Mwanzoni hakukuwa na lolote, isipokuwa alikunja uso akasema ni kama kulamba mlango. Baba yake akaanza kunitazama kwa ule mtazamo wake wa kimya. Mimi nikaendelea. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Halafu asubuhi moja nikaweka mkono chini ya goti, tayari kuvuta, na goti likaja lenyewe. Lilikuja kama droo iliyopakwa sabuni. Nikaita baba yake. Akaja mbio na povu la mswaki mdomoni akidhani mtoto kazimia. Tukamvalisha sketi na hakuna aliyeng'ata shuka. Siku hiyo alikaa kitini mpaka mchana, akatoa amri kwa kila mtu, akamwambia mteja mmoja rangi aliyochagua haimpendezi hata yule aliyeitengeneza.

Ni wiki ya tatu sasa. Jirani anasema Waziri kapendeza. Hajapendeza, kakaa vizuri tu. Mtu aliyekaa vizuri anaonekana uso.

Kwa hiyo chura wako ana yake, na mwanangu ana yake. Nakupenda, na shule yako nimejivunia mbele ya watu ambao hata hawakuniuliza. Lakini hapa umekosea. Kubali tu, haitakung'oa meno.

Dada yako.


Tarehe 1 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Umeniambia nikae. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena.

Kwanza kabisa: acha. Ukimaliza kusoma mstari huu, mwaga kilichomo kwenye sufuria.

Sisemi hivyo kwa kuwa nimeshindwa. Nimeshindwa, sawa, nimekubali na meno yangu yapo. Sielewi kwa nini lile goti lilikuja. Na jambo nisilolielewa ndani ya mwili wa mtoto ndilo linalonitisha kuliko yote.

Siku nzima nilikukasirikia, nikakutungia barua tatu kichwani, zote mbaya. Kisha nikaingia maabara nikarudia msuli wa chura. Nikarudia tena kwa majani ya gunia la pili. Haukusogea. Kwa hiyo dawa haiugusi mguu. Na goti la Waziri lililegea; wewe si mtu wa kuona kisichokuwepo. Yote mawili ni kweli. Basi kuna kitu katikati tunakiruka.

Ghorofa ya juu yetu kuna daktari wa watoto, mwanamke mwenye haraka, anayekula chakula chake akitembea. Nilimfuata kwenye ngazi nikaanza kumweleza. Ngazi za mwanzo alikuwa anaitikia tu. Kisha akasimama.

"Huyo mtoto anapata choo vizuri?"

Nikasema sijui.

"Tumbo linamuuma?"

Nikasema sijui.

Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyeingia dukani bila kujua anataka kununua nini. Akaniambia watoto wenye mtindio wa ubongo, hasa wanaokaa muda mrefu, matumbo yao mara nyingi yanafunga na kusokota. Na maumivu yakija, mwili mzima unakaza, kwa kuwa ndivyo mwili wao unavyopiga kelele. "Watu hushughulika na mguu," alisema, "maana mguu ndio unaoonekana. Muulizeni mtoto."

Dada, mimi nimesoma miaka yote hii na sikuwahi kumuuliza. Nilikuandikia kurasa nzima kuhusu misuli yake kana kwamba yeye hayumo chumbani.

Muulize. Na tafadhali usimjibie. Mimi na wewe tuna tabia hiyo, tumerithi kwa mama. Kisha mpelekeni hospitali apimwe tumbo, na umwambie daktari kila kitu, majani na dawa ya kifafa, bila kupunguza hata kikombe.

Nakusubiri. Safari hii gundi sitaielewa.

Mdogo wako.


Tarehe 30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko salama. Nimechelewa kuandika kwa sababu tulikuwa hospitali, na kwa sababu nilikuwa sijui nianzie wapi.

Sufuria niliimwaga siku ileile. Siku chache baadaye miguu ikarudi kukaza, na nilikuwa karibu kukuandikia matusi. Badala yake nikamuuliza.

Nilikuwa nang'oa misumari kwenye kochi la mteja, yeye yuko kwenye kiti chake karibu yangu. Sikumtazama, maana nilikuwa na woga kidogo. Nikasema, "Waziri, tumbo lako huwa linakuuma?"

Nikataka kuongeza, "Au haliumi?" Nikakumbuka ulivyoandika, nikaibana midomo. Niling'oa msumari, nikang'oa mwingine.

Akasema, "Kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu mdogo. Mwaka jana likazidi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Mdogo wangu, ningekuwa na uwezo wa kutoisikia ile sauti ningefurahi, lakini nitakuandikia kama alivyosema, neno kwa neno, na pumzi zake katikati.

"Nilisema, Mama. Nikisema inauma, mnauliza wapi, na mafuta yapo tayari mkononi. Mimi nikianza kulitafuta neno tumbo, nyie mmeshafika kwenye kisigino."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekupa anwani.

Niliweka nyundo chini. Sikulia, unanijua, nilikwenda nyuma ya karakana nikazipanga sponji ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Niliporudi, nikamkuta baba yake amechuchumaa mbele ya kiti. Alikuwa amesikia yote akiwa mlangoni. Akamuuliza, "Na sasa hivi linauma?" Akajibu, "Sasa hivi limetulia." Basi akabaki amechuchumaa vilevile, hajui afanye nini na mtoto ambaye hahitaji kukandwa.

Hospitali walimpokea vizuri. Daktari, kijana wa mikono safi, alimbonyeza tumbo, akaacha, akabonyeza tena pale pale, akaagiza picha. Utumbo wake ulikuwa umejaa choo kigumu, umeshindiliwa kama sponji ya kochi ndani ya mto wa mtoto. Si wa wiki hii wala mwezi huu. Akalazwa, akapewa dawa za kulainisha, na mambo yaliyofuata Waziri amenikataza kuyaandika kwa kuwa ni siri za serikali. Nitakwambia tu kwamba ilipofika siku ya kutoka, alikuwa amelala chali na magoti yake yamelala kila moja upande wake, yakipumzika, na nesi aliyekuja kumgeuza aliuliza kama huyu ndiye yule mgonjwa wa jana.

Majani nilimweleza daktari yote. Akasema kweli yalikuwa yameutuliza utumbo usisokote, maumivu yakapungua, ndiyo maana miguu ikalegea. Lakini utumbo uliolala hausukumi. Ningeendelea nayo, utumbo ungeziba kabisa, na tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini bila kunigombeza. Nilitamani angenigombeza.

Kwa hiyo mimi nilisema kweli kwamba yalimsaidia, na wewe ulisema kweli kwamba nisimpe. Tusianze kugombea ushindi. Mwenye tumbo ndiye aliyekuwa anajua, na hakuna aliyempigia simu.

Miguu haijanyooka na haitanyooka, hilo daktari kalisema wazi na nimelimeza. Lakini asubuhi sasa namvalisha peke yangu. Anakunywa maji kwa ratiba anayoisimamia mwenyewe, na tukichelewa tunaitwa kujieleza. Nimemtengenezea kiti cha chooni chenye mgongo, mikono na pa kuwekea miguu, magoti yainuke kidogo kama daktari alivyotaka. Nimekivalisha ngozi ya plastiki inayofutika. Shemeji yako amekijaribu na sasa kutoka huko ni mpaka aitwe.

Nilipomchorea daktari jinsi kilivyo, aliniomba nimtengenezee vingine viwili kwa wodi yake. Nimeanza.

Dada yako.


Tarehe 22 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa kile kiti.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Nilimpelekea yule daktari wa ngazini, akaisoma akitafuna, akafika pale pa kisigino akaacha kutafuna. Akaniomba nimwandikie yale maneno kwenye karatasi ili ayabandike ukutani anapoonea watoto. Sijampa. Si yangu kuyatoa.

Huku kazi imefunguka. Ile lami ya kijani nimeitenganisha, nikaitenganisha tena, mpaka vikabaki vitu viwili vinavyolegeza utumbo kweli. Kimoja kinanukia kama waridi kavu. Ukifungua chupa, chumba kizima kinasahau sungura. Kingine ni mafuta mazito yanayotokana na ule ukijani wenyewe wa jani. Sikuwa wa kwanza duniani kuvigusa, wengine walishavitaja. Lakini swali langu sasa si lao. Mwanzoni nilikuwa nauliza: je, kinalegeza? Sasa nauliza: je, kinaweza kuondoa msokoto bila kuuzuia utumbo kufanya kazi yake? Swali hilo sikulipata kwenye kitabu. Limetoka kwenye karakana ya makochi, na mkubwa wetu wa maabara amelikubali, ametupa muda na watu wa kulifuata. Si jambo la mwaka mmoja. Nitalifuata.

Mwezi ujao nitasimama mbele ya wataalamu wengi nieleze kazi hii. Ningependa kuwasimulia habari za Waziri. Swali hili si lako, Dada, samahani. Msomee, umpe barua ashike mwenyewe, kisha uondoke chumbani. Akikataa nitazungumza habari za sungura tu, na nitazungumza vizuri.

Mdogo wako.


Tarehe 15 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Miguu haijambo, na tumbo linakusalimu.

Nimeandika hii mwenyewe kwa kidole kimoja kwenye kompyuta aliyoiazima Baba. Imenichukua siku kadhaa, kwa hiyo usiisome haraka.

Mama aliondoka chumbani kama ulivyosema, akaenda kusimama nyuma ya mlango. Nilimwona miguu kwa chini. Nikamwambia aende mbali zaidi.

Ruhusa nakupa. Ila usiseme "mgonjwa mmoja". Sema msichana wa miaka kumi na mitano anayepokea oda kwenye karakana ya mama yake, maana ndiyo kazi yangu sasa: napokea simu za wateja. Wasiokuwa na subira wanakata wenyewe. Mama anasema hao hata kulipa wangesumbua, waende.

Na usiwaambie watu majani yalinilegeza miguu ukaishia hapo. Ukiishia hapo watayachuma yote na kuwapa watoto wao, na watoto wao watatulia huku wanaziba. Ilikaribia kutokea. Mama mmoja alisikia habari zetu, akaja hapa na kikapu kimejaa majani ya kwato, na mtoto mgongoni, mkubwa kuliko mgongo. Alitaka aelekezwe kuchemsha. Mama yangu alimkalisha kwenye kochi la mteja, akamweleza kila kitu, mpaka zile sehemu zinazomwaibisha yeye mwenyewe. Kisha akamwambia, "Mpeleke hospitali. Lakini kwanza muulize, halafu unyamaze mpaka amalize." Yule mama akasema mtoto wake haongei. Mama akasema, "Basi mtazame mpaka amalize." Nilikuwa sijui kama Mama anaweza kusema sentensi fupi hivyo.

Maneno yangu ya kisigino mpe yule daktari anayekula akitembea. Ayabandike. Jina asiandike, aandike cheo.

Mama siku hizi ananiuliza sana, Mjomba. Amezidisha. Ananiuliza kama kijiko ni kizuri, kama upepo ni mwingi, kama nimependa swali lenyewe. Baba naye kajifunza, ila yeye akishauliza anachuchumaa kusubiri jibu, na kuinuka kunamchukua muda mrefu kuliko mimi kujibu.

Lakini nataka nikwambie la wiki iliyopita. Nilikakamaa vibaya, kama zamani, nikiwa kitini katikati ya kazi, simu ikaanguka. Mama akaja mbio na mikono yote miwili mbele. Alipofika akasimama. Akairudisha mikono mgongoni akaishikilia huko, mmoja ukimshika mwenzake usitoroke. Akauliza, "Wapi?"

Baba akasimama na kitambaa mkononi. Mteja aliyekuwa anachagua rangi naye akasimama, hata hajui tunangoja nini. Hakuna aliyesogea. Nililitafuta neno, na neno langu ni lile unalolijua, linakuja kwa miguu. Wote wakaliacha lije.

"Mguu," nikasema.

Siku hiyo ulikuwa mguu.

Mpwa wako,
Waziri